Nazi Ugogoni

Mteja aliingia saluni saa mbili asubuhi, mwezi wa saba, kavaa sweta mbili na kujitanda khanga juu yake, akaitua chupa mezani kwa kishindo.

"Dada, mimi nilinunua mafuta ya nazi. Haya ni mafuta ya mgando."

Kweli. Jana yake jioni yalikuwa maangavu, unaweza kusoma gazeti ng'ambo ya chupa. Usiku mmoja tu yamekuwa meupe pe, magumu kama mshumaa, ukiipindua chupa hayashuki. Sikubishana naye. Niliichukua nikaibana kwapani, ndani ya sweta, nikaendelea kusuka kichwa kilichokuwa mbele yangu. Baada ya nusu saa nikaitoa. Pembeni mwa kioo palikuwa pameanza kuyeyuka na donge jeupe linaelea katikati. Nikamweleza kwamba mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na mji wetu huu wa Dodoma, ulio zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Juni na Julai hushuka hadi nyuzi 13 au 14. "Yasingeganda ndiyo ungenirudishia," nikamwambia. Aliondoka nayo, ila shingo upande.

Nilisema kwa ujasiri wa mtaalamu. Miaka michache nyuma ningekuwa upande wake wa meza.

Mimi ni msusi, Mgogo wa Mvumi, na saluni yangu ipo Majengo. Anayeijua Dodoma anaujua upepo wake: ukianza mwezi wa sita, hadi Oktoba midomo inapasuka, visigino vinafanya nyufa, nywele zinakatika ukizigusa tu. Kwa miaka mingi nilikuwa nawapaka wateja mafuta ya chupa yaliyoandikwa "nazi" kwa maandishi makubwa, yenye picha ya mnazi na bahari ya buluu. Aliyenifungua macho ni jirani yangu wa Nkuhungu, bibi mmoja wa Pangani aliyemfuata mwanawe, mtumishi wa serikali, baada ya serikali kuanza kuhamia huku mwaka 2016. Alikuja kusukwa siku ya baridi kali, akaishika ile chupa, akaitazama sana.

"Mwanangu, haya mbona hayajaganda?"

"Kwani mafuta yanaganda, bibi?"

"Nazi gani isiyosikia baridi? Hata kwetu kipupwe kikija yanashikana, jua likitoka yanaachia. Haya unayopaka watu ni mafuta ya taa yaliyotiwa marashi."

Alikuwa amezidisha kidogo. Nilipotafuta maandishi madogo nyuma ya chupa nilikuta cha kwanza ni mafuta ya madini, yale yatokanayo na mafuta ghafi ya ardhini, kisha manukato, na nazi imetajwa mwisho kabisa kama mgeni asiyealikwa. Nikamwomba bibi anifundishe.

Somo la kwanza lilianza kwa kichekesho. Alimtuma mtoto wa dada yangu, aliyekuwa ametoka kijijini siku tatu kabla, akalete mbuzi uani. Mtoto alikawia, akarudi mikono mitupu: "Bibi, hakuna mbuzi, labda kaenda malishoni." Ugogoni mbuzi ana miguu minne na analia. Kile kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno cha kukunia nazi alikuwa hajawahi kukiona.

Bibi hakuwa na haraka. Kabla ya kukuna, tulikwenda naye sokoni Majengo, na huko ndiko nilikojua kwamba nilikuwa nanunua nazi kama kipofu. Yeye hakuchagua kwa macho. Aliiweka kila nazi sikioni akaitikisa. Ikicheza maji, chwa-chwa, ilipita. Iliyokaa kimya aliirudisha, maana imepata ufa na maji yamevuja, au imekauka na nyama yake inaelekea kuoza. Kisha aliyageukia yale macho matatu ya nazi, akayakandamiza kwa kidole gumba: yakiwa na unyevu au ukungu, hataki. Muuzaji, kijana wa hapa hapa, alimwangalia kama mchawi. Bibi akamwambia kwamba nazi zake nyingine ni koroma tu, zimeangushwa kabla ya siku zao. Kijana hakujua koroma ni nini. Mimi pia. Huku kwetu kuna dafu na kuna nazi, basi. Kumbe tunda lile lina majina njia nzima, kidaka, kitale, dafu, koroma, ndipo nazi, na mafuta hujaa mwishoni kabisa, likikaa mtini kama miezi 11 au 12. Koroma ukiikuna unapata tui tamu la kupikia, lakini kwa mafuta utakesha.

Hata ile iliyozidi, iliyoanza kuota, haifai. Ndani yake unakuta donge laini kama sifongo, tamu, watoto wanaligombania. Mche umeshakula mafuta yako.

Nyumbani alinionya nisikune hadi kwenye kifuu. Ile ngozi ya kahawia inayogusana na kifuu ikichanganyika na nazi iliyokunwa, rangi yake inaingia kwenye mafuta. Tulichanganya na maji ya uvuguvugu, tukakamua kwa kifumbu, kichujio cha kusuka alichokuja nacho kutoka kwao, tui la kwanza zito, la pili jepesi, akayaunganisha kwenye sufuria na kuyabandika motoni. Hapo unakaa. Tui linachemka, maji yanapungua, linakatika, linaanza kupiga mapovu madogo madogo, mashapo yanageuka rangi ya asali, na harufu inatoka hadi barabarani. Siku ile watu wawili walibisha hodi kuuliza tunapika nini. Mafuta yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai nyepesi na harufu ya karanga zilizokaangwa. Mashapo watoto waliyala kwa sukari.

Nilimpelekea mama yangu Mvumi chupa moja. Kwetu mafuta ni ya karanga, ni alizeti, ni samli kwa mwenye ng'ombe. Alinusa, akachovya kidole, akasema yananukia wali wa harusini. Hakuyatia kwenye mlenda hata kwa kuombwa. Aliyapaka miguuni.

Mafuta ya bibi yalikuwa mazuri, lakini wateja wangu walitaka yale meupe waliyoyaona kwenye simu zao, yasiyo na harufu ya moto. Njia yake nilielekezwa na mwanamke wa Mkuranga, mkoani Pwani, tuliyekutana kwenye mafunzo ya usindikaji. Hapo tui halipikwi. Unalitia kwenye ndoo ya plastiki inayoonyesha ndani, unafunika, unaliacha lichachuke lenyewe. Kufikia kesho yake linajigawa: juu kabisa tabaka zito la tui lililokatika, chini yake mafuta, chini ya mafuta maji ya kijivu yenye uchachu, na chini kabisa mashapo. Unayachota mafuta polepole kwa upawa. Alinieleza kwa dakika tano kama mtu anayeeleza jinsi ya kuchemsha chai.

Nilirudi nikafanya hivyo hivyo. Ilikuwa Juni. Kesho yake tui lilikuwa vile vile, jeupe, limenyamaza. Nikasubiri siku ya pili. Siku ya tatu jirani wa upande wa pili alikuja kuuliza kama kuna panya amekufa.

Nilimwaga nazi 30. Kosa halikuwa la mwalimu wangu, yeye kwao hajawahi kuhitaji kufikiria joto. Wadudu wadogo wanaolichachusha tui wanataka nyuzi 30 na zaidi, na jiko langu usiku lilikuwa nusu ya hapo. Dawa nilikuja kuipata kwa mambo ya nyumbani tu: boksi kubwa lililojazwa maranda, ndoo ya tui katikati, dumu la lita tano la maji ya moto ubavuni, blanketi juu. Maji yakipoa nabadilisha kabla ya kulala. Tui linajigawa usiku ule ule.

Basi nikajiona nimefika. Nikatengeneza lita 20, nikazigawa kwenye chupa za kioo, nikampelekea mwenye duka mmoja upande wa Area C, akaniwekea kwenye shelfu ya mbele. Lita moja ilinila nazi 15 kwa wastani, kwa hiyo pale palikuwa na nazi 300 zilizokunwa kwa mikono hii. Wiki ya tatu akanipigia simu nije nizichukue. Nilipofungua chupa ya kwanza nilipata harufu chachu kwa mbali. Nikaonja. Ladha ilikuwa ya sabuni. Si mfano wa kusema tu, ilikuwa sabuni kabisa, kama mtu aliyenawa mikono akalamba vidole.

Nilimrudishia mwenye duka fedha zake, nyingine kwa mafungu. Nikamkasirikia mwanamke wa Mkuranga, nikawakasirikia wauza nazi, nikawakasirikia wauza chupa. Bibi alipokuja hakuuliza mengi. Alitia kijiko kimoja cha mafuta yangu kwenye kikaango kikavu, akakiweka motoni. Yakaanza kulia: pap, pap-pap.

"Unasikia? Yanasema yenyewe. Una maji humu."

"Maji yapo wapi bibi, mbona ni maangavu?"

"Ungeyaona yangekuwa na kazi gani ya kulia?"

Baadaye nilielewa kinachotokea ndani ya chupa. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, iliyofungwa vizuri ndani ya mafuta. Ukibakiza maji, hata kidogo, pamoja na chembe za tui, wadudu na vimeng'enya vinapata pa kufanyia kazi, vinaifungua ile asidi inabaki huru. Na lauriki iliyo huru ndiyo yenye ladha ya sabuni. Si ajabu, maana mafuta ya nazi ni malighafi ya zamani ya viwanda vya sabuni. Ndiyo sababu nchi za Asia na Pasifiki zinazolima nazi, katika kiwango chao cha mafuta haya, hufuatilia unyevu hadi sehemu ndogo za asilimia moja. Mimi nilikuwa naosha chupa asubuhi, nazipindua dakika kumi, najaza zikiwa bado zina jasho ndani.

Nilicheka siku ile, kicheko cha kukosa la kufanya. Mji huu tunapanga madumu foleni kusubiri maji, mvua zinakuja mara moja kwa mwaka, Desemba hadi Aprili, na pengine hazitoshi. Nami ndani ya mji huo huo nimefilisiwa na tone la maji.

Tangu hapo kila nilichobadilisha kilikuwa ni kulifukuza tone hilo, na hapa Dodoma ikanisaidia kuliko nilivyotarajia. Chupa nikiziosha saa tatu na kuzipindua juani, saa tano zimekauka kabisa, kwa sababu hewa yetu ya kiangazi ni kavu. Bibi anasema Pangani ungeshinda kutwa ukizingoja. Na ile baridi iliyoniharibia tui nikaigeuza mtumishi. Mafuta nikishayachota kwenye ndoo nayaweka usiku kwenye sufuria ndefu nje ya dirisha, yamefunikwa. Asubuhi mafuta yameganda juu kama kifuniko, maji yaliyojificha yamebaki chini bado maji, maana yenyewe hayagandi kwa nyuzi 14. Natoboa tundu pembeni, nainamisha, yanatoka. Usingeamini yalikuwemo. Kisha nayayeyusha kwa bakuli lililokaa juu ya sufuria ya maji ya moto, sio kwenye moto wenyewe, nayaweka hapo hadi yaache kabisa kutoa vipovu, nayachuja kwa pamba kavu. Kila mkupuo naujaribu kwa kikaango cha bibi. Yakilia, yanarudi kwenye bakuli.

Kuna kosa moja nalisimulia kwa aibu. Kukamua tui la nazi 100 kwa mikono ni kazi ya kuumiza mabega, nikajiambia: huu si ndio mkoa wa alizeti? Kila upande ukigeuka kuna mashine ya kukamua. Nikaanika nazi iliyokunwa juani, na kweli upepo wa Agosti ulinikaushia kwa siku moja, nikaipeleka kwenye mashine moja ya alizeti na kumwomba kijana anikamulie. Alisita, nikamsihi. Nazi ile laini ikaziba mashine, mashine ikapata moto, ikatoa moshi, na kilichodondoka mwishoni kilikuwa kitu cha kahawia chenye harufu ya alizeti, nazi iliyoungua na vumbi, maana nilikuwa nimeanika bila chandarua na nilisahau vumbi la Dodoma halibagui. Nililipia usafishaji wa mashine. Njia ya kukausha na kukamua ipo na inatoa mafuta mazuri, lakini inataka kaushio lililofunikwa na mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya nazi. Mimi nilibaki na ndoo yangu. Kitu pekee nilichokipata siku ile ni kujua kwamba machicha makavu ukiyasaga ni unga mzuri wa kuchanganya kwenye maandazi. Ninayauza mpaka leo, vifuu nawapa mama lishe wawashie majiko, makapi yanakwenda kwa kuku wangu, na kusema kweli bila vitu hivyo vidogo hesabu isingekaa sawa.

Hesabu yenyewe ni ngumu. Nilipoanza, nazi moja Majengo ilikuwa shilingi 1,000. Zidisha mara 15 kabla hujagusa chupa wala mkaa, uone mwenyewe kama unaweza kushindana na lita ya alizeti. Huwezi, na si busara kujaribu. Nikaanza kufuata nazi Mkuranga, mwanzoni kwa basi, ukienda umechoka ukirudi umechakaa. Tangu treni ya SGR, ile ya reli ya kisasa, ifike Dodoma mwaka 2024 nafika Dar es Salaam chini ya saa nne na kuunganisha. Mzigo unakuja nyuma yangu kwa lori. Safari ya kwanza ya mzigo nazi zilipangwa juu kabisa ya lori, bila turubai, zikala jua la njia nzima. Zaidi ya 40 zilipasuka. Sasa nalipia zikae chini, kwenye kivuli, na nakagua moja moja sikioni pale pale shambani, muuzaji anune asinune.

Huko Mkuranga mzee mmoja alinionyesha sehemu ya shamba lake ambako minazi imebaki nguzo tupu, vichwa vimeanguka. Ni maradhi yanayoua minazi ya pwani kwa miaka mingi sasa. Mradi wa taifa wa minazi ulianzishwa mwaka 1979, na watafiti wa kituo cha Mikocheni, Dar es Salaam, wamehangaika na ugonjwa huo tangu siku zile. "Wewe Mgogo," mzee alinitania, "umetoka mbali kote kuja kuangalia magogo." Nilicheka, lakini bei ya mzigo ule nilianza kuielewa vingine.

Kuhusu lebo nina madeni ya kukiri. Kwanza niliandika "mafuta ya nazi bikira", tafsiri niliyoiona kwenye bidhaa nyingine, na vijana wa bodaboda wa kijiweni kwetu wakapata la kufanya wiki nzima. Neno lenyewe lina maana yake: kwa kiwango cha kimataifa cha vyakula kiitwacho Codex, mafuta bikira ni yaliyopatikana kwa kukamua na kwa joto tu bila kubadilishwa asili yake, kuyaosha kwa maji, kuyatuamisha na kuyachuja inaruhusiwa. Kwa hiyo hata ya bibi yaliyopikwa sufuriani si haramu. Yaliyo nje ya mlango ni yale ya mbata, nazi iliyokaushwa, ambayo mafuta yake baada ya kukamuliwa husafishwa kiwandani, huondolewa rangi na harufu. Siku hizi naandika "mafuta mabichi ya nazi", vijana wamekosa kazi.

Deni la pili ni zito. Chini ya jina nilikuwa nimeorodhesha: hutibu kisukari, hushusha presha, huondoa vidonda vya tumbo, huongeza kinga. Niliyatoa wapi? Kwenye chupa za wengine, na wao nadhani kwa wengine. Binti wa shangazi yangu ni muuguzi. Alisoma lebo akanyamaza, kisha akauliza: "Dada, hii dawa mliipima kwa wagonjwa wangapi?" Akanieleza kwamba zaidi ya asilimia 80 ya mafuta haya ni yale yanayoitwa mafuta yaliyoshiba, wakati ya alizeti hayafiki hata sehemu ya saba, na kwamba mwaka 2017 Chama cha Moyo cha Marekani kilishauri watu wasiyatumie kwa sababu hupandisha kolesteroli mbaya. Ana wagonjwa wa presha wanaokunywa vijiko vitatu kwa siku badala ya vidonge. Sikulala vizuri. Asubuhi nilibandua stika 200 kwa kucha, na gundi iliyogoma nikaitoa kwa mafuta hayo hayo ya nazi. Yanatoa gundi ya stika vizuri sana. Hilo naweza kuliandika kwenye lebo bila hofu.

Mzee mmoja bado huja kila mwezi kutaka "ya kunywa". Ninamuuzia ya kupikia wali, na kila mara namwuliza mbele ya watu kama amemeza vidonge vyake. Ananiita polisi.

Kwenye nywele nasimama imara zaidi, kwa sababu ndiyo kazi yangu na kwa sababu kuna watu walipima. Mwaka 2003 watafiti wawili wa India, Rele na Mohile, walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, wakakuta ni ya nazi peke yake yaliyopunguza sana upotevu wa protini kwenye nywele, yakipakwa kabla au baada ya kuosha. Chembe ya ile asidi ya lauriki ni fupi na imenyooka, inapenya ndani ya unywele. Mengine yanabaki juu yaking'aa. Kwa mtu wa mkoa wa alizeti hiyo ni habari ya kumeza taratibu. Ninachowaambia wateja ni kupaka usiku wa kuamkia siku ya kuosha, kijiko kimoja kwa kichwa kizima, sio nusu chupa kama wanavyopenda, maana likija vumbi la mtaani unakuwa umejipaka gundi. Mwenye nywele laini sana zinamlalia, aache.

Kwa ngozi, visigino na midomo ya Julai sina wasiwasi. Mwenye chunusi namkataza, yanaziba vitundu. Mama mmoja mwenye mtoto mwenye ualbino aliniuliza kama yanazuia jua. Nikamwambia hapana, na nikamwelekeza aulize hospitali kuhusu Kilisun, losheni ya kukinga jua inayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu kama mwanawe. Nilipoteza mauzo ya chupa moja. Alirudi baadaye kusukwa.

Bibi mwaka huu amerudi Pangani. Mbuzi yake ameniachia, na kifumbu, na kikaango. Kila nikimpigia simu swali lake la kwanza baada ya salamu ni moja: "Yanalia?"

Yule mteja wa sweta mbili? Nilidhani nimempoteza. Mwishoni mwa Oktoba, joto la Dodoma limefika nyuzi 30, mabati yanapasuka kwa jua, simu ikaita.

"Dada, yale mafuta yangu yameharibika. Ulisema ya kweli yanaganda, yangu yamekuwa maji kabisa."

"Yako wapi sasa hivi?"

"Kabatini."

"Yaache hapo hapo hadi Juni," nikamwambia. "Yasipoganda, uniletee."